Nani Analipia Muungano? Hesabu Isiyofungwa tangu 1964

Kila Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma, swali moja halikosi kuzuka: Zanzibar inachangia shilingi ngapi kwenye Muungano? Bara utasikia kwamba Wazanzibari wanabebwa, kwamba wanajeshi, polisi na balozi wote wanalipwa kwa kodi ya Mbeya na Mwanza. Vuka maji ukakae barazani Unguja au Pemba, utaambiwa kinyume chake: Tanganyika imejificha ndani ya koti la Muungano na inakula peke yake. Kila upande huongea kwa uhakika. Hakuna mwenye hesabu mkononi, wala si kwa uvivu wake. Hesabu yenyewe haijawahi kufungwa, na sababu iko kwenye namna serikali zetu mbili zilivyopangwa.

Nchi zinapoungana huwa na maswali manne ya fedha: nani atoze kodi ipi, nani agharamie kazi gani, nani akope, na fedha zikikusanywa mahali pasipostahili zirudishwe vipi kwa mwenyewe. Si lazima nchi ijiite shirikisho ndipo maswali haya yaihusu. Tanzania haijiiti hivyo, lakini ina serikali mbili, mabunge mawili na mamlaka mbili za kodi. Inatosha.

Msingi ni Hati za Muungano zilizotiwa saini na Julius Nyerere na Abeid Karume tarehe 22 Aprili 1964, siku nne kabla ya Muungano wenyewe. Hati zilitaja mambo 11 ambayo yangeendeshwa kwa pamoja. Ulinzi, polisi, uraia na mambo ya nje kila mtu anayakumbuka. Yanayosahaulika ni yale ya uchumi: mikopo na biashara ya nje, kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa, bandari, usafiri wa anga, posta na simu. Baadaye yakaongezwa mengine, yakiwemo sarafu na mabenki baada ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikitoa shilingi ya pamoja ya ukanda huu, kuanza kuvunjika mwaka 1965, kisha leseni za viwanda, elimu ya juu, mafuta na gesi asilia. Leo Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ina mambo 22. Yote hayo ni mambo ya Muungano. Yasiyotajwa humo si ya Muungano: kilimo, afya, maji, ardhi, shule za msingi na sekondari, utalii, hata umeme.

Hapo kwenye umeme wengi hushangaa. TANESCO inauza umeme Zanzibar kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na ZECO ya Zanzibar inaununua, kama muuzaji na mnunuzi wengine wowote. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alipoitaka TANESCO iwakatie umeme wadaiwa sugu wote, Zanzibar ikiwemo, watu wengi waliliona kama jambo la Muungano. Kisheria lilikuwa deni la kibiashara.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe. Mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano yanaendeshwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mambo ya Muungano yanaendeshwa na Serikali ya Jamhuri ya Muungano. Na mambo ya Bara yasiyo ya Muungano? Yanaendeshwa na Serikali hiyo hiyo ya Jamhuri ya Muungano, maana Serikali ya Tanganyika haipo. Kwa hiyo Hazina moja inalipa mshahara wa askari wa JWTZ, ambaye ni wa wote, na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi Singida, ambaye ni wa Bara. Inapokea kodi za Bara na mapato ya Muungano, vyote katika mfuko mmoja.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye familia mbili na mita moja ya maji. Familia kubwa ina mabomba ndani kwake, jikoni na bafuni, na uani kuna bomba la wote. Yote yanapita kwenye mita ile ile. Familia ndogo ina kisima chake, lakini bomba la uani nayo hulitumia. Ankara ikija, familia kubwa inailipa yote, kisha inalalamika kuwa wenzao hawachangii maji. Familia ndogo inajibu: tuonyeshe kwanza uani yametumika maji kiasi gani. Haiwezekani kuonyesha. Hata wote wawili wakiwa waungwana, hakuna atakayeweza, mpaka bomba la uani lifungiwe mita yake.

Katiba ya mwaka 1977 ililiona tatizo hili. Ibara ya 133 inaagiza iwepo Akaunti ya Fedha ya Pamoja, ambamo serikali zote mbili zitachangia gharama za mambo ya Muungano peke yake. Ibara ya 134 inaunda Tume ya Pamoja ya Fedha, yenye wajumbe wasiozidi saba wanaoteuliwa na Rais, kazi yake ikiwa ni kuchambua mapato na matumizi ya Muungano na kupendekeza kila upande uchangie kiasi gani na ugawiwe kiasi gani. Hiyo ndiyo mita ya uani. Sheria ya Tume ilipitishwa mwaka 1996, na Tume yenyewe ikaanza kazi mwaka 2003. Imechambua, imependekeza, imepeleka ripoti kwa serikali zote mbili. Akaunti, hata hivyo, kwa miaka mingi imebaki kuwa ibara ya Katiba na si mfuko wenye fedha ndani.

Kwa nini? Maelezo rasmi siku zote ni kwamba mashauriano yanaendelea. Kwa maoni yangu kuna sababu mbili zinazotajwa kwa sauti ya chini. Ya kwanza, kufungua Akaunti kunalazimisha kutenganisha matumizi ya Muungano na matumizi ya Bara, na ukishayatenganisha kwenye vitabu, umeshachora bajeti ya Tanganyika hata kama serikali yake haipo. Wapo wasiotaka kuuona mchoro huo. Ya pili, Zanzibar nayo ina la kuhofia: mchango ukishawekwa wazi ni lazima ulipwe, mwaka wa neema na mwaka wa shida, na nchi inayotegemea watalii na karafuu huijua miaka ya shida. Hali ya sasa, pamoja na kelele zake zote, inampa kila mmoja nafasi ya kusema anaonewa.

Miungano mingine ilipitia nini? Njia za kulipia serikali ya pamoja si nyingi. Unaweza kuiachia serikali ya pamoja ikusanye kodi kubwa kisha igawe chini. Unaweza kuwaachia wanachama wakusanye kila kitu kisha wachangie juu. Au unaweza kukipa kila chombo kodi yake. Njia ya michango ndiyo dhaifu kuliko zote, na Marekani iliijaribu ikashindwa. Chini ya mkataba wake wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka 1781, Bunge la pamoja halikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Liliziandikia serikali za majimbo kuomba fedha, na majimbo yakalipa yalivyojisikia. Wanajeshi waliopigania uhuru wakadai mishahara bila kulipwa. Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 ikaipa serikali ya pamoja uwezo wake yenyewe wa kutoza kodi. Kwa jirani zetu wa karibu zaidi, Jumuiya ya Afrika Mashariki inaendeshwa kwa michango ya nchi wanachama, na malimbikizo ya wasiolipa yamewahi kukwamisha hata vikao vya Bunge lake la Arusha.

Tanzania imechanganya njia hizi, na mchanganyiko wenyewe ndio unaozaa uvumi. Uvumi mkubwa kuliko wote ni kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ikikusanya kodi Zanzibar, fedha hupelekwa Dar es Salaam. Si kweli. TRA inakusanya kodi ya mapato na ushuru wa forodha Zanzibar kwa sababu hayo ni mambo ya Muungano, lakini kinachokusanywa kule hubaki kule na kutumiwa na Serikali ya Mapinduzi. Pembeni yake ipo Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyorithi Bodi ya Mapato iliyoanzishwa mwaka 1996. Hiyo inakusanya kodi za ndani zisizo za Muungano, kubwa yao ikiwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile tuliyoizoea kwa jina la VAT. Naam, VAT si jambo la Muungano. Bara ina sheria yake na Zanzibar ina yake, na kiwango cha Zanzibar kimewahi kutofautiana na asilimia 18 ya Bara. Mfanyabiashara wa Darajani mwenye duka moja anajua vizuri maana ya kuwa na mamlaka mbili za kodi mlangoni.

Basi kama kodi za Zanzibar zinabaki Zanzibar, malalamiko ni ya nini? Hapa pana utamu wa mjadala, na hapa ndipo nadhani pande zote mbili zina haki fulani.

Kodi hulipwa mahali pa hesabu, na mara nyingi hapo sipo fedha zilipopatikana. Benki au kampuni ya simu yenye makao makuu Dar es Salaam inauza huduma Chake Chake na Mkunazini, lakini kodi ya faida inaihesabu na kuilipa Dar es Salaam. Mteja wa Pemba ameichangia faida hiyo. Kwenye vitabu, hayumo. Vivyo hivyo kodi ya mshahara, yaani PAYE, ya watumishi wa taasisi za Muungano walioko Zanzibar. Askari polisi wa Mwembe Madema anaishi Zanzibar, watoto wake wanatibiwa kwenye hospitali ya Zanzibar, lakini mshahara unatoka Hazina ya Muungano na kodi yake inakatwa huko huko. Kwa suala hili la mwisho palifikiwa makubaliano: Hazina ikawa inarejesha Zanzibar shilingi bilioni 1.75 kwa mwezi, sawa na bilioni 21 kwa mwaka. Ni ufumbuzi, ila ni wa kukadiria. Kiasi kisichobadilika hakifuati idadi ya watumishi wala mishahara inapopanda.

Mizani ikigeuzwa, Bara nayo ina hoja. Kontena likishushwa bandari ya Malindi, ushuru unabaki Zanzibar. Lakini Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773 kati ya Watanzania 61,741,120, na si kila televisheni na tairi linaloshushwa pale linatumika pale. Nyingine zinavuka kwenda Kariakoo, ambako ndiko aliko mlaji anayeubeba ushuru huo kwenye bei. Zaidi ya hapo, kama thamani ya mzigo ilikadiriwa chini Zanzibar, mwagizaji wa Dar es Salaam aliyelipa kamili anapunjwa. Ndiyo maana mzigo ukifika Dar es Salaam hukadiriwa upya na mwenyewe hudaiwa tofauti. Mwenye mzigo huita hiyo kodi mara mbili. TRA huita kujazia kilichopungua. Kwa mama anayerudi Bara na friji moja aliyonunua Unguja, tofauti ya majina hayo haimsaidii kitu, na nadhani ni vigumu kumweleza kwamba anaishi katika nchi moja wakati afisa wa forodha anamfungulia boksi.

Magari ndiyo mfano unaoonekana kwa macho. Usajili wa vyombo vya moto si jambo la Muungano, kwa hiyo gari la Zanzibar lina namba zinazoanza na Z na la Bara zinazoanza na T. Gari la Z likivuka kuja kukaa Bara, linakutana na taratibu ambazo gari linalotoka Moshi kwenda Mtwara halizijui. Wanasiasa hulaumiana, lakini chanzo ni rahisi: ushuru wa forodha ni wa Muungano, makusanyo yake hayachanganywi, na VAT ya kila upande ni yake. Penye vitu hivyo vitatu kwa pamoja, mpaka wa kodi utajichora wenyewe baharini hata kama hakuna aliyeutaka.

Uvumi wa pili unahusu asilimia 4.5. Mara nyingi husemwa kwamba Zanzibar inapata asilimia 4.5 ya mapato ya Tanzania. Hapana. Kiwango hicho kimekuwa kikitumika kugawa mafungu maalumu, hasa misaada ya kibajeti kutoka kwa wahisani na gawio la Benki Kuu. Hakigusi kodi za kila siku. Misaada imo humo kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano: mhisani anayetaka kusaidia bajeti ya nchi huzungumza na serikali moja tu, kisha serikali hiyo ndiyo inagawa.

Je, asilimia 4.5 ni nyingi au kidogo? Inategemea unapima kwa nini. Kwa idadi ya watu, Zanzibar ni kama asilimia 3, hivyo 4.5 inazidi. Kwa historia ya sarafu, hesabu hubadilika. Wakati Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki inavunjwa, Zanzibar ilikuwa na stahiki yake humo, na karafuu ilikuwa ikiiletea fedha za kigeni nyingi kuliko ukubwa wake. Zanzibar hutaja asilimia 11.02 kuwa ndiyo sehemu yake katika fedha zilizokwenda kuanzisha Benki Kuu ya Tanzania, na huuliza kwa nini gawio lisifuate hisa. Mpimaji wa tatu atasema gharama ya kuendesha serikali visiwani haipungui sawasawa na watu. Wizara ni wizara, iwe inahudumia watu milioni 2 au milioni 60. Vipimo vyote vitatu vina mantiki. Ubishi wetu mwingi unatokana na kila mtu kuchukua kipimo kinachompendeza na kukiita haki.

Mikopo ya nje inaeleweka kwa urahisi zaidi. Kwa kuwa ni jambo la Muungano, Zanzibar haiwezi kwenda yenyewe Beijing au Washington kukopa. Serikali ya Muungano ndiyo inayosaini au kudhamini. Jengo la abiria la Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume lililojengwa kwa mkopo wa China lilipitia njia hiyo. Wapo wanaoona hilo ni kifungo. Lakini mkopaji akishindwa kulipa, anayefuatwa ni Jamhuri ya Muungano, na ni vigumu kumtaka mtu awe mdhamini bila kumpa kalamu. Mbinyo wa kweli uko pembeni kidogo: mambo ya nje. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, sababu mojawapo ikiwa kutafuta misaada ya maendeleo, na mwaka 1993 ikalazimika kujitoa kwa kuwa haikuwa na mamlaka ya kujiunga. Mtikisiko huo ndio uliowasha moto wa wabunge 55 waliodai Serikali ya Tanganyika.

Mafuta na gesi yana kisa chake cha ajabu. Yamo kwenye orodha ya Muungano mpaka leo. Hata hivyo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake kwa sheria zake, nayo Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 2016. Kiuchumi si jambo geni. Katika Falme za Kiarabu, rasilimali za ardhini ni mali ya kila emirati, na Abu Dhabi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa bajeti ya pamoja. Kikatiba, hata hivyo, wanasheria wana haki ya kukuna vichwa: orodha ya Katiba inasema hivi, sheria ya Bunge inasema vile, na hakuna aliyeifuta ile ya kwanza. Siku visima vikitoa mafuta kweli, suala hilo halitakaa kimya.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilijaribu kulikata fundo kwa panga. Rasimu yake ilipendekeza serikali tatu na kupunguza mambo ya Muungano hadi saba. Serikali ya Muungano ingepewa chanzo chake yenyewe: ushuru wa bidhaa, pamoja na mapato yasiyo ya kodi yatokanayo na shughuli zake. Hiyo ni njia ya tatu kati ya zile tulizotaja, kila chombo na kodi yake. Wakosoaji walihoji kama ushuru huo ungetosha kulisha jeshi, na kama serikali ya juu isingeishia kuwapigia magoti wale wawili wa chini. Lilikuwa swali zuri, lakini halikujibiwa kwa hesabu. Lilizama kwenye kelele za Bunge Maalumu la 2014. Katiba Inayopendekezwa ikarudi kwenye serikali mbili, na kura ya maoni haikupigwa.

Kuigusa orodha ya Muungano si kazi ndogo. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Akaunti ya Fedha ya Pamoja haihitaji kura hiyo, kwa kuwa imo kwenye Katiba tayari. Kinachosubiriwa ni serikali mbili kukubaliana kipimo cha mchango, kati ya idadi ya watu, ukubwa wa uchumi na manufaa yanayopatikana, kisha kuweka fedha ya mwaka wa kwanza.